Wasioona nao wafundishwe kutengeneza nyumba zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie hoja iliyotolewa humu hivi karibuni na msomaji mwenzangu, aliyeshauri kwamba halmashauri ziandae orodha ya mafundi waaminifu ambao familia za watu wasioona zitawaita kila kitu kinapoharibika nyumbani. Nia yake ni njema na ninamshukuru, kwa kuwa wapo mafundi wanaomlipisha asiyeona bei ya koki nzima wakati kilichobadilishwa ni mpira wake tu. Hata hivyo, ushauri huo umesimama juu ya dhana kwamba asiyeona hawezi kushika spana mwenyewe, na dhana hiyo ndiyo ninayoijibu. Mimi nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa mtu mzima kutokana na presha ya macho, na matengenezo madogo madogo ya nyumba yangu hapa Tanga nayafanya kwa mikono yangu.

Tuanze na koki inayodondosha maji usiku kucha. Fundi yeyote huanza kwa kufunga valvu ya kuingizia maji, kisha hufungua koki ili maji yaliyobaki kwenye bomba yaishe, na mimi husikiliza mpaka tone la mwisho. Nikishalegeza kichwa cha koki, kila kipande ninachokitoa nakiweka kwenye sinia kuanzia kushoto kwenda kulia, ili wakati wa kuvirudisha nianzie kulia bila kumuuliza mtu. Kisha napitisha kidole kidogo ndani, juu ya kikalio cha mpira, kwa sababu kikalio kilicholika huhisika kama mkwaruzo au kijibonde, na mpira mpya ukifungwa juu yake utavuja tena baada ya muda mfupi. Mafundi wengi wanaoona hawapakagui mahali hapo, maana ni ndani, pana giza, na macho hayafiki. Nikishafunga na kufungulia maji, napitisha kipande cha gazeti kikavu chini ya kiungo, na kikitoka na unyevu najua bado kuna kazi.

Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa gundi yanataka uangalifu zaidi, kwa kuwa gundi yake hushika upesi na kiwiko kilichokaa upande hakirekebishiki tena isipokuwa kwa kukata. Kwa hiyo kabla ya kupaka gundi navipachika vipande vikiwa vikavu, navigeuza mpaka vikae vinavyotakiwa, kisha nakwaruza kwa tupa mstari mmoja unaopita juu ya bomba na kiwiko kwa pamoja. Gundi ikishapakwa, kidole gumba hutafuta mistari hiyo miwili ikutane, na kazi inakwisha kabla gundi haijashika. Rafu nayo naipima kwa gololi: nikiiweka katikati ya ubao ikatulia, rafu imenyooka, na ikibingirika inanionyesha upande wa kuinua.

Kwa upande wa umeme nina mipaka, na mipaka hiyo ni ya kila mwananchi. Kutandaza nyaya za nyumba ni kazi ya mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mita ni ya shirika la umeme, TANESCO. Lakini kubadilisha plagi ya pasi au kifuniko cha soketi kilichovunjika ni jambo ambalo mwenye nyumba hulifanya, na hapa ipo hatari moja ambayo wasioona wenzangu wanapaswa kuielewa vizuri. Tumezoea kuambiwa tuchomeke redio kwenye soketi tunayotaka kuifungua, tuongeze sauti, kisha tuzime swichi kubwa, na redio ikinyamaza tujue kwamba umeme umeondoka. Njia hiyo inafaa, ila redio inaweza pia kunyamaza kwa sababu umeme umekatika mtaa mzima dakika ileile, na ukirudi utakukuta mikono yako iko ndani ya soketi. Kwa sababu hiyo mimi huzima na kuwasha swichi kubwa zaidi ya mara moja, nikisikiliza redio ikinyamaza na kurudi, kisha naizima, nahakikisha kwa kidole kwamba imelala chini, na naiwekea utepe wa gundi ili mtu wa nyumbani asiiwashe kwa bahati mbaya. Ndani ya plagi zetu za pini tatu, tundu la waya wenye umeme hulipata kwa kupapasa fyuzi, kwa kuwa fyuzi imeungwa na pini hiyo. Kinachonishinda ni rangi za nyaya, yaani kahawia, bluu na ile ya kijani yenye mstari wa njano, kwani hazina tofauti yoyote kwenye ncha za vidole, na kwa hilo namwomba mtu anayeona anitajie.

Kazi inayonipa riziki ni kutunza bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni ya mjomba wangu, na wageni wengi hushangaa wakiambiwa. Ukweli ni kwamba bwawa hujieleza kwa mkono na sikio. Pampu yenye maji ya kutosha hutoa mvumo mmoja usiobadilika, lakini kikapu cha kuchujia majani kikijaa au maji ya bwawa yakishuka chini ya mdomo wa kuvutia, pampu huanza kunguruma na kukohoa kwa sababu inavuta hewa, na ukiweka kiganja mbele ya tundu la kurudishia maji utahisi mapovu. Msukumo wa tundu hilo ukipungua wakati kikapu ni kisafi, chujio la mchanga limeziba na linataka kuoshwa kwa kurudisha maji kinyume. Hapo nazima pampu kwanza, ndipo nageuza mpini wa valvu, ambao hatua zake nimezijua kwa mpangilio kama saa ya ukutani, na katika valvu yetu maandishi yake yameinuka kwenye plastiki kiasi cha kusomeka kwa kidole. Ukungu wa kijani nao huanza kwa utelezi kwenye vigae vya usawa wa maji, na mara nyingi naubaini kabla wageni hawajauona. Ninaposugua kuta nafuata vigae vya ukingoni kimoja baada ya kingine, nikishika fito ndefu ya brashi kwa mkono mmoja na kuuacha mguu ukitambua ukingo, ili nisiruke sehemu wala nisitumbukie.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni dawa. Maji ya bwawa yanatakiwa yawe na klorini huru ya miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita, na kipimo cha uasidi (pH) kiwe kati ya 7.2 na 7.8, na vipimo vingi vya bei nafuu ni vya kulinganisha rangi. Vipo vifaa vinavyotoa tarakimu, na simu janja yenye programu ya kusoma maandishi inaweza kuzitamka. Ipo pia programu ya Be My Eyes, iliyoanzishwa nchini Denmark na kuanza kutumika mwaka 2015, inayomuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemtazamia kwa kamera. Mimi kwa kipimo cha rangi namtegemea mhudumu wa mapokezi anisomee, kisha uamuzi wa kiasi cha kuweka ni wangu. Klorini ya unga naitia ndani ya ndoo yenye maji, kamwe simimini maji juu ya unga, na sitii dawa wakati kuna mtu majini.

Lakini klorini na asidi inayotumika kushusha pH ya maji zikikutana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na madukani bidhaa hizi mbili huweza kufika mikononi mwangu zikiwa katika vyombo vinavyofanana kabisa kwa umbo na uzito. Mara nyingine asidi hupimwa rejareja katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Kuzitambua kwa kunusa hakufai, kwa kuwa pua itakuwa imekwishavuta kile inachotakiwa kukikwepa. Nimejitengenezea utaratibu wangu: asidi naifunga waya shingoni na kuiweka katika kibanda kingine chenye kitasa chake, na klorini naihifadhi ndani ya ndoo yake tu. Utaratibu huo unanilinda mimi tu. Haumlindi mama asiyeona aliyenunua dawa ya kuzibulia choo na mafuta ya taa siku moja, akavibeba katika mfuko mmoja.

Suluhisho lake lipo na limekwisha kujaribiwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2008 kuhusu uainishaji na ufungashaji wa kemikali inataka kemikali nyingi hatari zinazouzwa kwa wananchi wa kawaida ziwe na alama ya kupapasa kwenye chombo, nayo ni pembetatu iliyoinuka ambayo kila upande wake una takriban milimita 18, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 11683. Gharama ya pembetatu hiyo ni ndogo mno kwa kiwanda kinachotengeneza kalibu ya chupa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liifanye alama hiyo kuwa ya lazima kwa asidi, klorini, dawa za kuzibulia mabomba, viuatilifu na vimumunyisho vya rangi, na lipige marufuku kuuzwa kwa asidi katika chupa za vinywaji, jambo ambalo litaokoa pia watoto wanaoona.

Jambo la pili linahusu mafunzo. Kwa miaka mingi wasioona tumefundishwa kusuka vikapu na mikeka, kufuma na kupokea simu, na siidharau kazi yoyote kati ya hizo. Jirani zetu wa Kenya wana chuo cha ufundi cha wasioona huko Machakos, na hapa kwetu kipo chuo cha watu wenye ulemavu Yombo, Dar es Salaam. Lakini vyuo vya namna hiyo ni vichache, ilhali vyuo vya ufundi stadi vya VETA vimesambaa mikoani. Nilipoomba nafasi katika kozi fupi ya ufundi bomba kwenye chuo kimoja, nilijibiwa kwamba karakana si mahali salama kwa mtu kama mimi, na hakuna aliyeniuliza nimekuwa nikifanya nini nyumbani. Dukani nako huwa hivyo hivyo. Nikienda na binti yangu kununua koki, muuzaji humuuliza yeye, "Baba anataka ya nusu inchi au ya robo tatu?", na jibu nikilitoa mimi, swali linalofuata bado anaulizwa binti.

Kozi ninayoiombea si ya miaka miwili. Wiki chache zingetosha kumfundisha mwenye nyumba asiyeona kufunga maji na umeme kwa usalama, kubadilisha mpira wa koki, bawaba na kitasa, kupima na kukata ubao kwa rula yenye alama zilizochongwa, na kutunza tangi la maji. Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Marekani wasioona hutumia fimbo ya kupimia yenye nyuzi kama za skrubu, inayolia kila inapovutwa, mlio mmoja ukiwa ni sehemu moja ya 16 ya inchi, yaani takriban milimita moja na nusu, na mafundi vyuma wetu hawashindwi kuchonga kifaa cha namna hiyo wakipewa mfano. Walimu nao hawatahitaji elimu mpya kabisa, ila wazoee kutaja kwa maneno kile walichozoea kukionyesha kwa kidole, na kumruhusu mwanafunzi ashike kifaa kabla hakijafungwa.

Niko tayari kufika kwenye karakana yoyote ya VETA hapa mkoani, na spana zangu, nifungue koki na kuifunga mbele ya walimu watakaokuwa na shaka. Naomba VETA na TBS wajibu kupitia ukurasa huu, waseme ni lini maombi haya mawili yatajadiliwa, na vyama vya wasioona vialikwe kwenye vikao hivyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi asiyeona,
Tanga