Jengo kwanza, kampuni baadaye

Mhariri,

Makala yenu juu ya kufungua duka la vyakula vya nyumbani Afrika katika miji midogo ya magharibi ya Marekani ilieleza vizuri namna ya kusajili kampuni, kisha ikakoma. Imekomea pale palipo pepesi. Huku Idaho, LLC (kampuni inayotenga madeni ya biashara na mali ya mwenyewe) husajiliwa mtandaoni kwa dola 100. Namba ya kodi ya biashara, EIN, hutolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu (anayekutoza dola 200 kwa kazi hiyo anakula jasho lako), na kibali cha kukusanya kodi ya mauzo nacho hakilipiwi. Ukikaa na kompyuta tangu adhuhuri, magharibi umemaliza. Kinachoua maduka haya ni jengo, umbali na uchache wa watu, na hayo matatu yanapigiwa hesabu kabla hujasajili chochote.

Tuchukue Twin Falls, mji ulio ukingoni mwa korongo la mto Snake, wenye watu 51,807 kwa sensa ya 2020. Mpango wa kupokea wakimbizi wa chuo cha College of Southern Idaho ulianza pale miaka ya 1980, na ndiyo maana leo Kiswahili cha Kivu na cha Burundi kinasikika mjini. Kazi zipo: mazizi ya ng'ombe wa maziwa, viwanda vya viazi na jibini, na kiwanda cha mtindi cha Chobani kilichofunguliwa mwaka 2012. Kwa hiyo mnunuzi wa sombe (kisamvu), mawese na dagaa yupo. Swali ni wako wangapi.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa mfano. Pango, umeme wa mafriza, bima, simu na mashine ya kadi vikifika dola 2,600 kwa mwezi, na faida ghafi ikiwa senti 25 katika kila dola ya mauzo, unahitaji kuuza dola 10,400 ili usipate wala usipoteze, na hapo wewe mwenyewe hujajilipa hata senti. Familia moja haikuachii matumizi yake yote ya chakula. Mchele, kuku na mafuta ya kupikia itanunua duka kubwa, kwako inafuata kile kisichopatikana kule. Chukulia dola 80 kwa mwezi. Unahitaji familia 130 zinazorudi kila mwezi. Zihesabu kweli, kwa majina ukiweza, kanisani, msikitini na kwenye magari yanayobeba wafanyakazi alfajiri. Zikitimia 60, usikate tamaa, ila badilisha duka. Jerome, ng'ambo ya mto, zaidi ya theluthi ya wakazi wana asili ya Amerika ya Kilatini, na hao wanakula mbuzi, ndizi mbichi, muhogo, maharage na utumbo wa ng'ombe kama sisi. Andika bei kwa Kihispania pia. Duka linalosimama kwa Waswahili peke yao katika mji wa ukubwa huu ni nadra.

Sasa jengo, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa.

Pango la biashara hutangazwa kwa futi ya mraba kwa mwaka, si kwa mwezi. "Dola 12" kwa chumba cha futi 1,000 maana yake ni dola 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Halafu soma mstari unaofuata. Mikataba mingi ni ya tripo neti (triple net): mpangaji analipa, juu ya pango, sehemu yake ya kodi ya jengo, ya bima ya jengo na ya matengenezo. Zikiwa dola 3 kwa futi, 1,000 yako imekuwa 1,250, na mwaka ujao tarakimu hiyo inaweza kupanda bila pango lenyewe kuguswa. Omba hesabu za miaka miwili iliyopita kabla ya kutia saini. Uliza kwa maandishi ni nani anayetengeneza, na ni nani anayebadilisha kabisa, mtambo wa joto na baridi ulio juu ya paa. Mtambo huo ukifa Januari unadai maelfu ya dola, na mkataba uliosema tu "mpangaji atatunza" unakugeuza wewe kuwa mlipaji.

Kuna na udhamini binafsi. Watu hufungua LLC ili biashara ikianguka nyumba na gari visiguswe, kisha ukurasa wa mwisho wa mkataba wanatia saini kwamba wao wenyewe, kwa majina yao, wanadhamini pango la miaka mitano. Kwa mwenye jengo huyo, LLC yako imekwisha kazi siku hiyo hiyo. Akikataa kabisa kuufuta, jadili uishie kwenye pango la miezi sita au kumi na miwili.

Kabla ya kupiga hata msumari, peleka mchoro wa chumba kwa South Central Public Health District, ofisi ya afya inayohudumia kaunti nane za eneo hilo, na uende idara ya majengo ya mji. Mchoro uonyeshe sinki la kunawia mikono, sinki la vyumba vitatu la kuoshea vyombo, sinki la maji ya kudekia na mahali pa kila friza. Kosa la kawaida ni kununua vifaa mnadani kwanza, kisha mkaguzi anavikataa. Ukitaka kuongeza jiko la kukaangia, utahitaji kivuta moshi cha chuma chenye mfumo wake wa kuzima moto, na pengine kisanduku cha kunasa mafuta kwenye bomba la maji machafu. Hicho kivuta moshi peke yake kinaweza kuzidi gharama za mafriza yote. Kwa hiyo tafuta chumba kilichokuwa mgahawa, hata kama pango liko juu kidogo.

Ukiweka na sehemu ya kulia, meza nazo zina hesabu. Kanuni za ujenzi huhesabu mtu mmoja kwa kila futi 15 za mraba za sehemu ya kulia chakula. Futi 735 ni watu 49, na hapo jengo hubaki daraja la biashara ya kawaida. Mtu wa 50 analipeleka daraja la ukumbi: mlango wa pili wa kutokea, na masharti mengine ambayo hakuna mwenye mgahawa mdogo anayetaka kuyalipia. Punguza ukumbi, ongeza stoo.

Nyama ya mbuzi ndiyo inayoleta watu, na ndiyo inayoleta matatizo. Mbuzi aliyechinjwa kwenye machinjio ya kuchinjia mwenye mfugo, yale yasiyo na mkaguzi wa serikali wakati wa kuchinja, hufungwa na kugongwa muhuri wa "si ya kuuza". Ni ya mwenye mnyama, nyumba yake na wageni wake wasiolipa. Kuiweka dukani ni kosa, hata kama mbuzi alikuwa mzima na kisu kilikuwa halali. Nunua kwenye machinjio yenye ukaguzi na utunze risiti. Ukikata mwenyewe kwa msumeno wa umeme katika chumba chenye joto la kawaida, msumeno unafunguliwa na kuoshwa kila baada ya saa nne, na nyama inakaa nyuzi 5 za Selsiasi au chini. Mafuta yaliyoganda nyuma ya gurudumu la msumeno ni kitu cha kwanza mkaguzi atakachomulika kwa tochi.

Samaki wakavu wana sheria yao. Samaki aliyekaushwa au kutiwa chumvi bila kutolewa matumbo, akizidi inchi 5, yaani karibu sentimita 13, hauzwi, kwa hofu ya sumu ya botulizimu. Dagaa, au ndagala kama wasemavyo Warundi, ni wadogo na wanapita. Migebuka ya Tanganyika haipiti mpaka iwe imepasuliwa na kutolewa matumbo. Kwa samaki wabichi huna haja ya kutazama mbali: Bonde la Hagerman, jirani tu, hufuga sato na kambare kwa maji ya moto yanayotoka ardhini, wakati trauti hufugwa kwa maji baridi ya chemchemi.

Wateja wengi wataulizia kadi ya SNAP, msaada wa serikali wa kununua chakula. Maombi ni ya bure, kwa wizara ya kilimo ya serikali kuu, lakini kwa kawaida unatakiwa uwe na bidhaa zisizokosekana katika makundi manne: maziwa, nafaka na mkate, matunda na mboga, nyama na samaki. Duka la unga, mawese na vitenge pekee linaweza kukataliwa. Chakula cha moto hakilipiwi kwa kadi hiyo. Idaho hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6 hata kwenye unga na maharage, ila si kwa kilicholipiwa kwa SNAP. Mashine isiyopangwa vizuri itakukosesha hesabu pande zote mbili. Fomu ya kodi hutumwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata kipindi cha hesabu, hata kama kipindi hicho hukuuza kitu. Na mpe msambazaji wako fomu ST-101 mapema, la sivyo utalipa kodi kwenye bidhaa za kuuza tena.

Umbali unaonekana kwenye mzigo. Boise iko karibu kilomita 205, Salt Lake City karibu 350, na barabara kuu ya I-84 kuelekea Utah hupanda kilima cha Sweetzer, ambako theluji na upepo vinaweza kusimamisha malori. Weka akiba ya wiki mbili za vitu vinavyotoka haraka kuanzia Novemba. Duka lisilo na gati la malori lazima liagize gari lenye jukwaa la kushushia nyuma, na jukwaa hilo hutozwa zaidi. Usipolitaja, dereva atakuachia paleti ndani ya lori akakutazama. Sombe ya barafu ipime kwa kipimajoto kabla ya kusaini risiti ya kupokelea, na kasoro uiandike hapo hapo juu ya risiti. Ukishasaini safi, dai lako limekuwa gumu.

Jambo moja tungewaomba mlirudie kwa herufi kubwa toleo lijalo: mwenye duka asipokee pesa za watu akazituma Bukavu au Kigoma kwa simu yake kama biashara. Kufanya hivyo bila leseni ni kosa la jinai la serikali kuu, lenye kifungo kisichozidi miaka mitano. Awe wakala wa kampuni yenye leseni, kwa mkataba, au aache kabisa.

Anayetaka kujua kama chumba kinafaa, asikiangalie Julai saa nne asubuhi. Aende Januari, saa kumi na moja na nusu jioni, jua likizama na zamu ya mchana ikitoka. Atazame kama taa za mtaa zinawaka, theluji ya maegesho imesukumwa na nani, na ni magari mangapi yanapita mlangoni yakielekea nyumbani badala ya kuelekea barabara kuu.

Wasomaji wenu,
Twin Falls, Idaho