Bawabu wa Macbeth asikatwe

Mhariri,

Kila Macbeth ya Shakespeare inapofupishwa itoshee saa moja jukwaani, wa kwanza kutupwa nje ni bawabu mlevi. Humfuata yule mzee anayezungumza na mtukufu Ross baada ya mauaji, kisha Angus na watukufu wenzake wa tendo la tano. Husemwa kwamba hawasogezi kisa. Inayobaki ni damu, nayo humiminwa ovyo.

Tuanze na bawabu. Katika tendo la pili, onyesho la pili, Macbeth anatoka kumuua mfalme Duncan akiwa na majambia, mikono imelowa. Mkewe anayarudisha majambia, anatoka naye mikono myekundu, halafu anasema maji kidogo tu yatawatakasa. Wakati huohuo mlango unagongwa. Mwigizaji wa Macbeth sasa anahitaji kunawa, kujifuta na kuvaa joho la kulalia kabla ya kukutana na mtukufu Macduff, anayegonga mlango. Muda huo unajazwa na porojo za bawabu anayejifanya mlinzi wa mlango wa jehanamu. Akikatwa, Macbeth anaingia na wekundu kwenye kucha na ukumbi unaangua kicheko.

Tena, kati ya wageni anaowakaribisha motoni yumo fundi cherehani aliyeiba kitambaa. Huyo hakuwekwa pale kwa mzaha mtupu. Mavazi yanatembea na damu mchezo mzima, jambo ambalo mhakiki Caroline Spurgeon alilieleza vizuri tangu mwaka 1935. Macbeth akipewa cheo cha Cawdor anauliza kwa nini wanamvika mavazi ya kuazima (nasi tunajua nguo ya kuazima haisitiri nini). Mwenzake Banquo anasema heshima mpya ni kama nguo ngeni, haikai mwilini mpaka izoeleke. Macduff, katika onyesho lile lile la mzee, anahofia joho jipya lisije likawa gumu kuvaa kuliko la zamani. Angus ndiye anayefunga hesabu: ufalme unampwaya Macbeth kama joho la jitu lililovaliwa na mwizi mfupi. Ondoa mzee na Angus, umebaki na swali lisilo na jibu.

Fundi wa mavazi anaweza kusaidia bila kuongeza neno. Joho la Duncan likatwe kwa kipimo cha mtu mpana, kisha Macbeth alirithi lilivyo, pindo likizidi kwa shibiri moja. Asilikunje wala asilibane kwa pini.

Damu nayo ina kanuni zake. Kikombe kimoja cha sharubati nzito, kijiko kikubwa cha rangi nyekundu ya chakula, kijiko kidogo cha kakao ili ising'ae kama soda, na matone machache ya sabuni ya vyombo ili itoke haraka. Kosa la kawaida liko kwenye taa: usiku huangazwa kwa bluu, na chini ya bluu nyekundu huonekana nyeusi kama oili chafu. Mikono ipate taa ya manjano.

Kosa kubwa zaidi ni kumpaka rangi mke wa Macbeth anapotembea usingizini. Pale mikono lazima iwe safi kabisa. Yule aliyeona maji kidogo yanatosha sasa anasugua doa asiloliona mtu mwingine, na mtumishi wake anamwambia daktari kwamba amewahi kumwona akifanya hivyo kwa robo saa. Rangi ikiwepo, anakuwa mtu anayenawa tu. Mtumishi na daktari wabaki, maana bila macho yao doa halina wa kulikosa.

Kama lazima kupunguza, onyesho la Hecate, mkuu wa wachawi, katika tendo la tatu linaweza kwenda. Wataalamu wengi wanaamini liliandikwa na mkono mwingine. Anayetumia tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968 achukue kalamu nne, apige mstari chini ya damu, maji, nguo na usingizi, kila kimoja na rangi yake, kabla hajakata chochote.

Na mke wa Macbeth, anapotembea usingizini na taa mkononi, awekewe kimeza. Anaingia ameishika, ila kusugua kunataka mikono miwili.

Wapenzi wa tamthilia,
Dar es Salaam