Kwenye fomu ya utafiti, kazi yangu ni sifuri

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya wiki iliyopita iliyopanga taasisi za utafiti kwa idadi ya machapisho na mara ambazo machapisho hayo yamenukuliwa. Sina ugomvi na walioshika nafasi za juu. Shida yangu ni kwamba orodha ya namna hiyo haimwoni kabisa mtu anayepima, na kwa kutomwona inapotosha hesabu yenyewe.

Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya maji. Kwa miaka 19 sasa, kila wiki ya kwanza ya mwezi, napima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya mto mmoja, kwenye vituo vilevile sita. Mwaka jana tuliletewa fomu ya kupima "shughuli za utafiti" za kila mfanyakazi. Ilikuwa na nafasi ya machapisho, ya kunukuliwa, ya fedha za miradi na ya hataza, yaani haki zilizosajiliwa za uvumbuzi. Nikajaza sifuri nne, nikatia saini. Wiki hiyohiyo kijana anayesomea uzamivu alikuja kuniazima madaftari manne, kwa sababu tasnifu yake yote imesimama juu ya vipimo vilivyomo.

Naomba nieleze kipimo kimoja tu. Chupa ya kioo inazamishwa mtoni taratibu, ikijaa inafungwa humohumo majini ili hewa isibaki ndani. Kiputo cha ukubwa wa punje ya mtama kinatosha kuharibu kila kitu. Tunatia manganizi salfeti, kisha mchanganyiko wa alkali na iodaidi. Kama maji yana oksijeni, mashapo ya kahawia hutanda kama wingu na kushuka polepole. Kama hayana, mashapo hubaki meupe. Nimeyaona meupe mara mbili katika maisha yangu ya kazi, na mara zote mbili nilijua kabla ya kumaliza kwamba pale samaki hawapo tena. Baada ya hapo inatiwa asidi, maji yanakuwa manjano, na thaiosalfeti, kemikali inayoondoa rangi hiyo, inaanza kudondoshwa kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama za ujazo. Manjano ikipauka tunatia wanga, maji yanageuka buluu nzito, na tunaendelea tone kwa tone hadi buluu itoweke; kiasi cha thaiosalfeti kilichotumika ndicho kinachotupa kiasi cha oksijeni. Ukipitisha tone, umepoteza sampuli. Njia hii aliitoa mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888, na mpaka leo ndiyo tunayotumia kuhakiki mita za kisasa zinapoanza kutiliwa shaka.

Sasa, thaiosalfeti hupungua nguvu ikikaa, kwa hiyo nayo lazima ihakikiwe mara kwa mara. Miaka kadhaa iliyopita maabara nyingine ilipima katika kituo kimoja kati ya vyetu ikapata oksijeni nyingi kuliko sisi, karibu miligramu mbili zaidi kwa lita. Ripoti ikaandikwa kwamba mto umeanza kupona. Ilituchukua siku tatu, tukiwa pamoja na mafundi wao, kugundua kwamba thaiosalfeti yao ilikuwa haijahakikiwa kwa miezi. Ilikuwa imedhoofika, ikahitajika nyingi zaidi kuondoa rangi, na hesabu ikaupa mto oksijeni ambayo haikuwapo. Ripoti ile ilikwisha kuhesabiwa kama chapisho. Siku tatu za kutafuta kosa hazikuhesabiwa popote, kwangu wala kwa wenzangu wa upande ule, ambao walikuwa waungwana na walikubali kosa mara tu walipoliona.

Najua mipaka ya hesabu hizi ilikotoka. Mwaka 1963 wataalamu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, walikutana Frascati, Italia, wakakubaliana jinsi ya kuhesabu utafiti ili nchi ziweze kulinganishwa. Mwongozo uliozaliwa hapo umefika toleo la saba, la mwaka 2015, na unataka kazi iwe mpya, ya ubunifu, yenye matokeo yasiyojulikana mwanzoni, yenye mpango, na inayoweza kurudiwa na wengine. Upimaji wa kila siku hauingii, isipokuwa ukiwa sehemu ya mradi wa utafiti. Nakubaliana na sababu yake: bila mpaka, kila anayesoma kipimajoto angeitwa mtafiti na takwimu zingevimba bure. Lakini mwaka 1978 UNESCO ilipitisha pendekezo lenye wigo mpana zaidi, ambamo kando ya utafiti kuna huduma za kisayansi na kiteknolojia: uchunguzi wa kawaida wa hali ya hewa, upimaji wa maji, uhakiki wa viwango, hata maktaba na makumbusho. Safu yetu ipo, tena tangu zamani. Wanaotengeneza fomu ndio huchukua safu ya kwanza peke yake na kuiita sayansi.

Matokeo yake si ya kinadharia. Mwanasayansi wa Marekani, Charles Keeling, alianza kupima hewa ya ukaa huko Mauna Loa, mlima wa Hawaii, mwaka 1958, akisisitiza gesi za kulinganishia zihakikiwe kwa uangalifu ambao wengi waliuona umepita kiasi. Mwaka 1964 fedha zilipunguzwa na vipimo vikasimama kwa miezi. Pengo hilo bado lipo, na hakuna fedha ya leo inayoweza kununua hewa ya 1964. Tundu la ozoni juu ya Antaktika nalo lilitangazwa mwaka 1985 na wanasayansi wa Uingereza Farman, Gardiner na Shanklin kwa sababu kituo chao cha Halley, hukohuko Antaktika, kilikuwa kikipima tangu miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka, bila cha kutangaza.

Kuhusu kunukuliwa nitasema kidogo. Mwanafizikia Jorge Hirsch alipotoa kipimo chake cha kunukuliwa mwaka 2005, ambapo mwenye machapisho 10 yaliyonukuliwa angalau mara 10 kila moja hupata 10, yeye mwenyewe alionyesha kwamba namba za wanabiolojia huwa kubwa kuliko za wanafizikia. Kuwaweka kwenye orodha moja na mtu anayesubiri msimu wa mvua ili apate data ya mwaka mzima ni kuwaonea wote.

Kwa upande wa ubora, kipimo cha haki kipo. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, ambacho maabara hukaguliwa nacho, kinataka matokeo yetu yalinganishwe na ya wengine: sampuli ileile inatumwa kwa maabara nyingi, kila moja inajibu bila kujua majibu ya wenzake. Hapo hakuna jina kubwa linaloweza kukusaidia. Ningependa fomu za taasisi ziulize matokeo ya ulinganisho huo, ziulize mfululizo wa data umedumu miaka mingapi bila kukatika na nani ameutumia. Nanyi wa gazeti, mkiandika kwamba mto fulani umepona au umekufa, ulizeni kifaa kilihakikiwa lini. Ni swali la sekunde kumi, na fundi yeyote makini anayo tarehe.

Fomu ya mwaka huu inakuja mwezi ujao. Nitajaza tena sifuri zilezile kwa sababu ni za kweli. Ila pembeni, kwa kalamu, nitaandika: vituo 6, miezi 226 kati ya 228. Miwili iliyokosekana ilikuwa ya mafuriko, na tarehe zake zimo daftarini.

Wako,
Fundi sanifu wa maabara ya maji