Namba za mezani zilizonyofolewa

Mpendwa Hamisi,

Habari za Mbeya? Huku Dar sote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Mama anakusalimu na anauliza mchele wake utafika lini.

Ile programu yako ya kuondoa +255, kodi ya nchi yetu, kwenye namba za simu za wateja, uliyosema inanyofoa namba za mezani, nimeipitia. Orodha ya wateja haina kasoro, wala Excel haijaharibu kitu. Mchawi wako ni mstari mmoja: namba.lstrip("+255"). Ukiusoma harakaharaka utadhani unaiambia Python, hiyo lugha uliyoandikia programu, itoe +255 hapo mwanzoni. Kumbe yenyewe inazichukua hizo alama kama kundi tu: ya kujumlisha, 2 na 5. Kisha inaanza kushoto, inatafuna chochote kilichomo kundini bila kujali mpangilio, hadi ikutane na kisichokuwemo.

Ndiyo maana za mkononi zimetoka salama. Baada ya 255 huja 6 au 7, basi inaishia hapo. Za mezani za Dar huanza na 22; zote mbili zimekwenda, na namba yenyewe ikianza na 2, nayo imefuata. Za kwenu huko, 25, yaleyale. Zanzibar, 24, imebaki na 4 yake.

Na rstrip, pacha wa lstrip, ina tabia hiyohiyo upande wa kulia. Jaribu "report.txt".rstrip(".txt"), utapata "repor". Sisi tunaoandika "ripoti.txt" hatuguswi, maana maneno yetu huishia na irabu na .txt haina irabu. Ila ngoja siku ya picha: "kikombe.jpeg" ukiipitisha kwenye rstrip(".jpeg") inarudi "kikomb". Kwa kweli majina ya amri hizo yanapotosha, na waliochanganyikiwa ni wengi mno, hadi toleo la 3.9 la Python, Oktoba 2020, likaongezewa removeprefix ya kuondoa mwanzo na removesuffix ya kuondoa mwisho. Andika namba.removeprefix("+255"). Itatoa hiyo +255 nzima, mara moja tu, na isipokuwepo mwanzoni haigusi kitu. Kama seva ya ofisini bado ina toleo la zamani, pima kwanza kwa startswith kama namba inaanza na +255, halafu chukua namba[4:], yaani yote yanayofuata baada ya alama nne za mwanzo.

Zilizokwisha kukatwa usizirudishie kwa kukisia. Namba iliyobaki fupi haikwambii kama ilipoteza 22 au 25. Rudi kwenye faili la mwanzo, uanze upya. Kama ulilifuta, mwombe mhasibu wenu, hakosi nakala.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Salum