Mbwa mgonjwa atazamwe mwili mzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno juu ya matibabu ya mbwa, hasa mbwa aliyezeeka ambaye maradhi yamemjia si moja bali matatu au manne kwa mpigo. Mbwa wa namna hiyo hatibiki kwa vipande. Na wengi wetu tunaotafuta tiba ya mwili mzima tunaitafuta mahali isipokuwepo, kwa kudhani kwamba maana yake ni kumkimbia daktari wa mifugo.

Nina mbwa jike wa miaka 11. Mwaka jana alikuwa akiamka kwa taabu: hutanguliza miguu ya mbele, hunyanyua kifua, kisha hubaki ameketi akihema mpaka nyonga zipate nguvu ya kumwinua. Kucha za miguu ya nyuma zilikuwa zimelika kwa mbele kwa sababu ya kuburuza nyayo, na manyoya ya katikati ya vidole, ambayo kwa kawaida ni meupe, yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu kwa kulambwa usiku kucha. Nilimpeleka kwa daktari mmoja kwa ajili ya muwasho, akaandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza muwasho. Wiki chache baadaye nikampeleka kwa daktari mwingine kwa ajili ya nyonga, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe wa viungo. Daktari huyo wa pili hakuniuliza kama mbwa yuko kwenye dawa nyingine, nami sikumwambia, maana kwangu ngozi na nyonga yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Hazikupita siku nyingi akaanza kukataa chakula na kutoa choo cheusi, kinachonata kama lami. Kumbe dawa hizo mbili, kila moja ikiwa nzuri kwa kazi yake, zikikutana hudhoofisha ukuta wa tumbo na kuleta vidonda vinavyovuja damu, na weusi ule wa choo ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni.

Aliyemwokoa ni daktari wa tatu, ambaye kabla ya kuandika chochote alimpima uzito, akampapasa kuanzia shingoni hadi mkiani, akamfungua kinywa kutazama fizi, akachukua damu ili apime ini na figo, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: analala wapi, sakafu ni ya namna gani, anakula nini na mara ngapi, nani humpa vipande mezani, na amepewa dawa zipi tangu lini. Hapo ndipo mambo yalipoungana. Muwasho ulileta prednisoloni, prednisoloni ikaleta njaa, njaa ikaleta unene, na unene ukazibebesha nyonga zilizochakaa mzigo zisioumudu. Hiyo, Mhariri, ndiyo tiba ya mwili mzima niliyokuwa nikiitafuta, na ilikuwa mikononi mwa daktari wa kawaida aliyekubali kutumia muda wake.

Baada ya tumbo kupona, jambo la kwanza lilikuwa kumpunguza uzito. Watu hulidharau kwa kuwa halina chupa wala lebo, lakini sijui dawa inayolishinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliowafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo, ulionyesha kwamba waliolishwa pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwapata wakiwa wamechelewa. Kwa ngozi, tulimweka kwa wiki 8 kwenye nyama ya aina ambayo hajawahi kuila, bila kuonja kitu kingine hata kidogo, ili tujue kama muwasho unatokana na chakula. Nasi tukagundua kwamba kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Tukatandika mazulia anapopita ili asiteleze, matembezi marefu ya mara moja yakawa mafupi ya mara tatu, na mafuta ya samaki yakaongezwa kwa kipimo alichokitaja daktari.

Sasa nije kwenye neno «asili», ambalo ndilo linalotuponza. Nilipokuwa nimekata tamaa niliuziwa unga wa magome, nikaambiwa hauna madhara kwa kuwa ni mti tu. Gome la mti wa willow lina kemikali ya jamii moja na aspirini, kwa hiyo kumpa mbwa ambaye tayari yuko kwenye dawa ya maumivu ni kurudia kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Kitunguu saumu, ambacho wengi hukisifu kwa kufukuza viroboto, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa kikizidi. Mafuta ya mti wa chai (yaani «tea tree oil», ambayo hayatokani na chai tunayokunywa) yakipakwa bila kuchanganywa yanaweza kumfanya mbwa atetemeke na kupoteza nguvu za miguu.

Sisemi kwamba yote yaliyo nje ya kidonge ni ulaghai. Kuchua misuli, kumtembeza mbwa ndani ya maji na tiba ya sindano za Kichina vinafanywa na madaktari wa mifugo waliosomea, na chama cha kimataifa cha madaktari wa sindano hizo kilianzishwa mwaka 1974. Mbwa wangu huchuliwa mapaja kila jioni, na hulala usingizi mzito baada ya hapo. Lakini mwaka 2017 chuo cha kifalme kinachowasimamia madaktari wa mifugo nchini Uingereza kilitamka kwamba tiba za aina hiyo ziwe nyongeza ya matibabu yenye ushahidi, zisichukue nafasi yake, na mimi naliunga mkono tamko hilo kwa moyo wote.

Kwa hiyo nawaomba madaktari wa mifugo wasimwandikie mbwa dawa kabla ya kuuliza anatumia nini kingine, na wamkabidhi mwenye mbwa daftari litakaloandamana na mgonjwa kila aendako. Wauzaji wa dawa za mitishamba waandike juu ya kifungashio vitu vilivyomo ndani na kiasi cha kila kimoja. Sisi wafugaji tuseme yote tuliyompa, hata yale tunayoyaonea haya. Nakuomba nawe, Mhariri, ufikirie kumpa daktari wa mifugo safu ya kujibu maswali ya wasomaji, kwa maana swali moja tu la mapema lingemwepusha mbwa wangu na vidonda vile.

Wako mwaminifu,
Mfugaji wa mbwa