Bakapu ya nyongeza: kompyuta inakili kilichobadilika tu, ila usiuguse mnyororo

Mteja akituletea kompyuta ambayo diski yake imekufa, swali letu la kwanza ni kama ana bakapu, yaani nakala ya akiba ya faili zake. Mara nyingi jibu ni ndiyo, ipo kwenye eksteno, yaani diski ya nje. Tukiifungua tunakuta folda iitwayo "BAKAPU MPYA", na ndani yake faili za mwaka juzi.

Si uvivu. Kunakili kila kitu kwa mkono kunachosha. Chukua kompyuta yenye gigabaiti 200 za kazi na picha. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa moja na nusu, na faili zikiwa ndogondogo nyingi muda unazidi kurefuka. Nani atafanya hivyo kila jioni? Atafanya mara moja, atajisifu, kisha basi.

Bakapu ya nyongeza inaondoa uchovu huo. Mara ya kwanza programu inanakili kila kitu. Kuanzia hapo inachukua tu kilichoongezwa au kubadilishwa tangu bakapu iliyotangulia. Ukiwa umeandika barua mbili na kuingiza picha kadhaa, zitanakiliwa hizo tu, na kazi itakwisha kabla hujafunga dirisha la chumba. Kwa kuwa ni nyepesi, inaweza kujiendesha kila siku au hata kila saa bila wewe kukumbuka chochote. Na ukiharibu waraka Jumatano, unarudi kwenye ule wa Jumanne.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji wa diski hawausemi. Programu nyingi za aina hii huweka bakapu kwa mnyororo. Ifikirie kama daftari la madeni: kuna salio la kuanzia, kisha maingizo ya kila siku. Ukichana ukurasa mmoja katikati, huwezi tena kujua mtu anadaiwa kiasi gani leo. Vivyo hivyo, ili kurudisha hali ya Ijumaa programu inahitaji nakala kamili ya Jumapili, pamoja na nyongeza za Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa yenyewe. Ya Jumatano ikiharibika, unachoweza kurudisha kwa uhakika kinaishia Jumanne.

Ndiyo maana tunawasihi wateja: msifute faili kwa mkono ndani ya folda ya bakapu. Diski inajaa, mtu anaona faili kubwa kuliko zote, ya tarehe ya zamani kuliko zote, anaifuta ili apate nafasi. Ile ndiyo nakala kamili! Nyongeza zote zilizobaki juu yake hazina tena pa kusimamia. Nafasi ikiisha, iachie programu yenyewe iondoe za zamani kwa utaratibu wake, au nunua diski kubwa zaidi. Sisi hupendekeza diski yenye walau mara mbili ya ukubwa wa data yako.

Vilevile mnyororo usiwe mrefu mno. Anza nakala kamili mpya kila mwezi, na usiitupe ya zamani mpaka ile mpya iwe imekamilika na kukaguliwa. Ipo pia bakapu ya tofauti, ambayo kila mara huchukua mabadiliko yote tangu nakala kamili ya mwisho. Hiyo hunenepa siku hadi siku, lakini kurudisha kunahitaji vipande viwili tu.

Kabla ya kununua programu yoyote, angalia uliyonayo tayari. Mac ina Time Machine tangu 2007. Kwa mpangilio wake wa kawaida hutunza bakapu za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi, kisha diski ikijaa hufuta za zamani yenyewe bila kuvuruga zilizobaki. Tahadhari ni moja: diski ikihitaji kuandaliwa upya, kilichomo hufutwa, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza.

Windows ina File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Kwenye Windows 11 imejificha ndani ya Control Panel. Tunaipenda kwa sababu faili inayohifadhi ni faili ya kawaida yenye tarehe kwenye jina lake, unaweza kuifungua kwenye kompyuta nyingine bila programu maalumu. Lakini inaangalia maeneo machache tu: Desktop, Documents, Pictures na mengine ya namna hiyo. Wenye mazoea ya kuweka kazi kwenye D:, yaani sehemu nyingine ya diski, hawalindwi mpaka waiongeze folda hiyo kwenye Libraries, orodha ya folda ambazo File History huziangalia. Hili huwapata wengi. Na isitegemewe kurudisha Windows yenyewe wala programu ulizosakinisha. Kwa hilo unahitaji bakapu ya diski nzima.

Kama unatumia Outlook, programu ya barua pepe, yenye faili la PST (linalotunza barua zako zote pamoja) la gigabaiti kadhaa, jua kwamba barua pepe moja mpya hulibadilisha faili zima machoni pa programu inayopima faili kwa faili, nalo litanakiliwa lote upya. Hapo tafuta programu inayonakili vipande vilivyobadilika ndani ya faili.

OneDrive au Google Drive iliyounganishwa na kompyuta hatuihesabu kuwa bakapu. Ukifuta huku, kule nako kunafutika, na pipa la taka halitunzi milele. Diski ya nje nayo ikikaa imechomekwa saa zote, virusi vinavyofunga faili na kudai fedha vitaifikia pia. Bora uwe na diski mbili za kupokezana, moja ikae mbali na kompyuta.

Kisha jaribu kurudisha. Chagua faili moja ya wiki iliyopita, irudishe kwenye folda tupu, ifungue uisome. Kama bakapu imefungwa kwa neno la siri, liandike na ulitunze nje ya kompyuta hiyo. Likipotea, hata sisi hatuwezi kuifungua.

Ukitaka tukufungie mpango huu, njoo na kompyuta, chaja yake na diski tupu. Tutakuuliza kazi zako zinakaa folda zipi na uko tayari kupoteza kazi ya muda gani, saa moja au siku nzima, kwa sababu jibu hilo ndilo linalopanga ratiba. Nakala ya kwanza ni ndefu, kwa hiyo iache kompyuta kwetu ilale. Kesho yake, kabla hujaichukua, tutakuketisha urudishe faili moja kwa mkono wako mwenyewe.