Gari kukataliwa stika kwa balbu moja: mambo madogo ya kumaliza kabla ya ukaguzi

Kila mwaka inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, polisi wanapokagua magari na kutoa stika kwa yaliyopita, simu zinazoingia hapa gereji zinafanana. "Fundi, gari limekataliwa stika, na injini yake haina tatizo lolote." Tunakuamini. Injini ni nzima kweli. Ila mkaguzi wa magari wa polisi hapimi injini inavuta vipi. Anachotaka kujua ni kama gari linaonekana na wengine barabarani, kama dereva anaona mbele, kama linasimama likikanyagwa breki, na kama linashika njia. Ndiyo maana gari lililotoka kufanyiwa ovaholi linaweza kurudishwa kwa balbu, na ki-Vitz kilichochoka rangi kikapita bila maneno.

Tunaandika haya kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayorudishwa yangeweza kupita mara ya kwanza. Mwenye gari angelizunguka jioni moja nyumbani, wiki moja au mbili kabla, kasoro zote angeziona mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi huanza kulikagua gari asubuhi ile ile ya kwenda kukaguliwa, na hapo hata spea ya bei ndogo inakuwa shughuli, maana duka la spea la Gerezani halijafungua na foleni imeshaanza.

Tuanze na taa, kwa sababu huko ndiko kwenye kesi nyingi. Balbu ya nyuma katika magari mengi ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa wati 5 kwa taa ya pakingi na uzi wa wati 21 kwa breki. Ule wa breki hukatika na ule wa pakingi ukabaki mzima. Usiku ukiwasha taa unaona nyuma kunang'aa vizuri, unajiridhisha, kumbe ukikanyaga breki upande mmoja hauongezi mwanga hata kidogo. Huwezi kuligundua hilo ukiwa umekaa kwenye usukani. Mwambie mtoto asimame nyuma, au rudi kinyumenyume karibu na ukuta mweupe jioni, ukanyage breki na utazame kwenye vioo. Balbu yenyewe haifiki bei ya lita tatu za petroli.

Kuna kasoro ya kinyume chake: taa za breki zinazowaka muda wote hata gari likiwa limezimwa, mpaka betri inakufa usiku. Mteja huja akidhani nyaya zimeungana. Kabla ya kufungua waya wowote, inua kapeti chini ya pedeli ya breki. Mara nyingi utakuta vipande vidogo vya plastiki au mpira vilivyokauka na kuvunjikavunjika kama maganda. Hicho ni kidude kilichokuwa kimepachikwa kwenye tundu la mkono wa pedeli, kazi yake kubonyeza swichi ya taa za breki pedeli inapokuwa juu. Magari ya Kijapani yaliyokaa miaka mingi kwenye joto letu hupoteza kidude hicho, na swichi ikakosa cha kuibonyeza. Kinauzwa, kinapachikwa kwa dakika chache, na swichi ya zamani inaendelea na kazi yake. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wateja waliokwisha kuuziwa swichi mpya mara mbili na tatizo likabaki pale pale.

Indiketa ikianza kupepesa haraka haraka upande mmoja, gari linakuambia kuna balbu imekufa upande huo. Na ukikanyaga breki ukaona indiketa inafifia, au taa isiyohusika inawaka kidogo, hapo balbu hazina kosa. Ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, imelegea au imeshika kutu. Kwa magari yanayolala Kigamboni, Kunduchi na kwingine karibu na bahari hili halikwepeki, chumvi ya hewani inakula vichwa vya nyaya. Dawa yake ni kufungua boliti ya ethi, kusugua mpaka chuma king'ae, kufunga tena na kupaka grisi juu.

Sasa taa za mbele, na hapa tunaomba tusikilizwe. Mtu anaona taa zake hafifu, ananunua balbu za LED nyeupe zinazouzwa barabarani, anazichomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu ya kawaida ya H4. Balbu ya H4 ina kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo cha taa kimechongwa kufuatana na mahali hasa uzi ule ulipo. LED nyingi za bei rahisi mwanga wake hautokei pale pale, kwa hiyo unasambaa na kumpiga anayekuja usoni hata ukiwa kwenye dimu. Yule wa mbele yako kwenye barabara nyembamba ya kwenda Bagamoyo haoni kitu, na pembeni kuna mtu wa baiskeli. Mkaguzi akizikataa yuko sahihi, na sisi hatuzifungi.

Mara nyingi ufifi wa taa hautokani na balbu kabisa. Lenzi ya plastiki imeungua na jua, imekuwa ya njano na ukungu. Tunaisugua kwa msasa wa maji, kuanzia mkali kidogo mpaka ule laini wa namba 2000, kisha polishi, kisha tunapaka kinga ya kuzuia miale ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiruka wanaosugua kwa dawa ya meno; lenzi inang'aa siku ya ukaguzi, baada ya muda mfupi njano imerudi. Ukimaliza, simamisha gari mahali tambarare kama mita tano kutoka ukutani, washa dimu. Mwanga uishie chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Ukipanda juu yake, kuna skrubu za kurekebisha nyuma ya taa, au balbu imechomekwa upande.

Matairi hayahitaji fundi kuyasoma. Chini ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwa kimo cha milimita 1.6. Tairi likiisha mpaka likawa sawa na vituta hivyo, limekwisha, hata kama pembeni bado lina nyama. Pitisha mkono ukingo wa ndani pia, maana gari ambalo alaimenti (mkao wa magurudumu) imepotea hula tairi upande usioonekana, na mtu huja na matairi yanayong'aa nje lakini ndani nyaya zimetokeza. Halafu tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na mifereji mizuri na mpira uliokwisha kupasukapasuka kwa uzee. Hilo usilinunue kwa sababu ya stika.

Waipa ni mpira tu. Badilisha kabla ya masika, na kama maji hayaruki kwenye kioo, jaribu kuzibua tundu kwa pini kabla ya kununua pampu. Honi isiyolia mara nyingi ni fyuzi au kutu kwenye kichwa cha waya. Mkanda unaorudi kwa uvivu umejaa uchafu na jasho: uvute wote, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uuache ukauke nje kabla ya kuuachia. Ukiwa umechanika ni wa kubadilisha, hakuna kushona. Namba ya gari iliyofutika na taa yake ndogo iliyokufa pia hurudisha watu, kama vile kizima moto ambacho mshale wake umeshuka kutoka kwenye kijani.

Si kila kitu tutakuambia ukifanye nyumbani. Handbreki inayopanda mpaka juu kabisa inaweza kuwa kebo ya kukazwa tu, lakini inaweza pia kuwa viatu vya breki vya nyuma vimekwisha, na hilo halijulikani bila kufungua ngoma inayovifunika. Usukani wenye uchezaji, bojointi (kiungo cha gurudumu la mbele) inayogonga, mafuta ya breki yanayopungua, hivyo vinakuja gereji siku hiyo hiyo. Ukiona grisi imerushwa ndani ya rimu ya mbele, buti ya mpira ya jointi ya ekseli imepasuka. Ikiwahiwa, tunabadilisha buti na kuosha jointi. Ikiachwa, mchanga unaingia, na hapo unanunua jointi nzima.

Kuna jambo linatuuma na tutalisema. Watu wanaazima matairi na vizima moto kwa ajili ya siku ya ukaguzi, wakishabandika stika wanarudisha na kuendelea na vipara vyao. Tumeshaombwa kukodisha matairi na tumekataa. Kwa daladala, na kwa mabasi ya wanafunzi hasa, ambayo polisi huyakagua Januari kabla shule hazijafunguliwa, jambo hilo hatuwezi kulishiriki kabisa. Kama pesa ya matairi manne haijapatikana, njoo tuzungumze. Tutaanza na mawili yaliyo mabaya zaidi, na tutakuambia ukweli kama gari linafaa kutembea wakati unajikusanya. Trafiki akikukamata na tairi kipara, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, uwe na stika au usiwe nayo.

Ukija kwetu kwa ukaguzi wa awali, lete gari limeoshwa hasa chini na ndani ya rimu, ili tuone uvujaji mpya na si tope la zamani. Njoo na pembetatu zako, jeki na kizima moto, tuvitazame vyote. Tutakuandikia karatasi yenye sehemu mbili, ya lazima kabla ya kwenda na ya kusubiri mwezi ujao, pamoja na bei ya spea kila moja, na una uhuru wa kwenda kuinunua mwenyewe. Kama gari limeshakataliwa, tuletee maelezo ya mkaguzi kama alivyoyaandika, tuanze na hayo.